"MALARIA TATU NA TAIFODI": KWA NINI KILA HOMA TUNAIPA MAJINA HAYO HAYO MAWILI?

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuongelee kitu ambacho kila mmoja wetu kimeshampata: HOMA.

Mpigie simu mshikaji yeyote ambaye hajaonekana kijiweni siku mbili. Jibu unalijua kabla hajalitoa: "Aah, naumwa kaka, nimekutwa na malaria tatu na taifodi." Baada ya mwezi unampigia tena: "Safari hii malaria tano, halafu ile taifodi imerudi." Ukienda kwa mtoto wa dada yako ni hivyo hivyo, kwa mama mwenye nyumba hivyo hivyo. Jiji zima lina magonjwa mawili tu!

Juzi nilikuwa nimesimama duka la dawa mtaani kwetu nasubiri chenji. Akaja mama mmoja, mtoto yuko mgongoni. Maongezi yalikuwa hivi:

"Dada, nipe mseto wa mtoto."
"Wa miaka mingapi?"
"Miwili. Anachemka tangu jana."
"Umempima?"
"Nimpime nini tena, si malaria hiyo? Nipe na amoksilini kabisa, ana kakikohozi."

Akapewa, akalipa, akaondoka. Hakuna aliyehesabu pumzi za yule mtoto, hakuna aliyemgusa. Jambo hili ndilo lililonifanya nikae hapa kuandika. Mimi si daktari, nimeishia kidato cha nne, lakini haya ninayoandika ni yale yale ambayo wauguzi wanafundishwa na wanayasema kila siku pale kituoni, tatizo sisi tunakuwa hatusikilizi maana tuko kwenye foleni tunawaza nauli.

Hoja yangu leo ni moja: homa siyo ugonjwa, homa ni dalili. Na ukiipa jina kabla ya kupima, unaweza ukamtibu mtoto ugonjwa ambao hana, huku ule alionao unammaliza taratibu.

1. HOMA NI NINI HASA?

Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Kituoni wakimpima mtoto kwapani wakakuta 37.5 au zaidi, hiyo wanaihesabu kuwa ni homa. Joto hilo linapandishwa na mwili wenyewe pale unapogundua kuna mgeni ndani: kimelea cha malaria, bakteria, virusi, chochote. Ndiyo maana mafua yanaleta homa, jipu linaleta homa, nimonia inaleta homa, na malaria inaleta homa. Kwa mkono wako kwenye paji la uso huwezi kuzitofautisha. Hata daktari bingwa hawezi.

Kwa hiyo ukimpa mtoto Panadol joto likashuka, usishangilie kwamba amepona. Umeshusha joto tu, mgeni bado yumo ndani.

2. WATOTO 1005

Sasa hapa ndipo penye uhondo. Mwaka 2008 watafiti waliwachukua watoto 1005 wenye homa waliokuja kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara, wote chini ya miaka 10. Wakawapima kila kitu kinachopimika, kwa vipimo ambavyo zahanati zetu nyingi hazina. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 kwenye jarida kubwa la udaktari la Marekani, New England Journal of Medicine.

Kati ya kila watoto 100, waliokutwa na:

- Magonjwa ya njia ya hewa (mafua, kikohozi, koo, nimonia): kama 62
- Malaria: kama 10 na nusu
- Kuharisha na matumbo: kama 10
- UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo: kama 6
- Taifodi: chini ya 4

Wengine walikuwa na maambukizi mengine mengine. Na karibu watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa VIRUSI. Mnaelewa maana yake? Virusi havifi kwa mseto wala kwa amoksilini. Watoto wengi wa aina hii wanahitaji kunywa maji ya kutosha, kula, kushushwa joto na kuangaliwa kwa karibu, basi.

Najua kuna mtu wa Kigoma au Tabora anasema "njoo huku uone". Ni kweli, malaria haijagawanywa sawa. Kigoma, Tabora, Kagera, Geita, Mtwara na Lindi ipo sana. Kilimanjaro na Arusha ni kidogo mno. Ila kwa nchi nzima imepungua. Utafiti wa kitaifa wa 2007/08 ulikuta watoto 18 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wana vimelea vya malaria kwenye damu; ule wa 2022 ukakuta kama 8. Lakini vichwani mwetu bado tunaishi enzi za bibi, kila homa ni malaria.

Msininukuu vibaya lakini! Sijasema malaria haiui. Inaua, na inaua haraka, hasa watoto wadogo na wajawazito. Ndiyo maana nasema PIMA, sijasema puuza.

3. KUPIMA: HIYO "MALARIA TATU" MAANA YAKE NINI?

Vipimo viko viwili.

Cha kwanza ni cha haraka, mRDT. Wanakutoboa kidole, tone la damu kwenye kikasha kidogo, unasubiri kama dakika 15 hadi 20 unaona mstari. Kinatafuta protini ya kimelea. Ni kizuri sana, ila kina tabia moja: protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya wewe kupona. Kwa hiyo kama ulimaliza dozi wiki mbili zilizopita, mRDT inaweza kusema "unayo" wakati huna. Waambie kituoni kwamba umetoka kutibiwa, watakupima kwa darubini.

Cha pili ndicho hicho cha darubini. Mtaalamu wa maabara anapaka damu kwenye kioo, anaangalia na kuhesabu. Ile "malaria tatu" au "wadudu watano" ni idadi ya vimelea alivyoviona huku akihesabu chembe nyeupe za damu 200. Siyo daraja la ugonjwa! Hakuna ngazi kwamba malaria moja ni ndogo na malaria nne unaenda kufa. Halafu mtu mzima aliyekulia sehemu yenye malaria nyingi anaweza kubeba vimelea vichache na asiumwe kabisa, maana mwili umeshavizoea. Huyo huyo akipata mafua, akipimwa, anaambiwa ni malaria.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasema kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Na vituo vya serikali hapa Tanzania vinatakiwa kutoa kipimo na mseto bila malipo. Kwa hiyo unakwenda kununua dukani kitu ambacho ulikuwa upewe bure, tena bila kujua kama unakihitaji.

4. MSETO UNALIWA HIVI

Wazee wanakumbuka klorokwini, ile chungu inayowasha mwili mzima. Ilifanya kazi miaka mingi, kisha vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha ikaingia SP, maarufu kama Fansidar. Nayo vimelea vikaizoea upesi. Mwaka 2006 ndipo tukaingia kwenye dawa mseto, ALu. Inaitwa mseto kwa sababu ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja: ya kwanza (artemetha) inapiga vimelea kwa kasi halafu inatoka mwilini mapema, ya pili (lumefantrini) inapiga pole pole lakini inabaki siku nyingi kumalizia waliojificha. Hiyo ya kwanza asili yake ni mmea wa Kichina, pakanga, na mama wa Kichina aliyegundua siri yake, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mseto unapangwa kwa UZITO, siyo kwa kukisia umri. Kila mlo wa dawa ni hivi:

- Kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1 (jumla 6)
- Kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2 (jumla 12)
- Kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3 (jumla 18)
- Kilo 35 na kuendelea: vidonge 4 (jumla 24)

Unameza mara mbili kwa siku, siku 3. Mlo wa pili unafuata saa 8 baada ya ule wa kwanza, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Meza pamoja na chakula au maziwa. Siyo urembo huo, lumefantrini inahitaji mafuta kidogo ili iingie kwenye damu. Anayemeza na maji matupu tumbo likiwa wazi anapata dawa nusu. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudia na urudi ulikochukua upewe vidonge vya kufidia, usije ukakatisha dozi. Mtoto wa chini ya kilo 5 na mama mjamzito wasinunuliwe dawa dukani, waende kituoni moja kwa moja.

Sasa kuna wale wa "nimemeza siku moja nikajisikia poa, vingine nimemuwekea mdogo wangu." Unajisikia poa kwa sababu dawa ya kwanza imefyeka wengi. Waliobaki ni wale wabishi, na ndio unaowaachia wazaliane. Hili siyo la kutishana: huko Kagera watafiti wameshathibitisha vimelea vyenye usugu kiasi kwa hiyo dawa ya kwanza, na Rwanda na Uganda pia. Mseto bado unatibu, lakini klorokwini nayo ilianza hivi hivi. Baada ya mseto hatuna dawa nyingi za kukimbilia.

Kuhusu sindano: malaria kali, ya mtu aliyepoteza fahamu, anayetapika kila kitu au mwenye degedege, inatibiwa kwa sindano ya atesuneti. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 5,000 wa nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, na mwaka 2010 ikathibitika inaokoa wengi kuliko kwinini. Ila ukishapata nafuu LAZIMA umalizie na dozi kamili ya mseto ya siku 3. Wengi wanachomwa sindano tatu, wanaona wamepona, wanatoka wodini na vidonge vinakaa kabatini. Malaria inarudi, wanasema "sugu".

5. NA HIYO TAIFODI JE?

Taifodi ipo, tena ni ugonjwa mbaya. Ni bakteria anayetoka kwenye choo cha mgonjwa na kuingia kwenye maji au chakula chako. Homa inapanda siku hadi siku, kichwa, tumbo, wengine wanaharisha, wengine hawapati choo kabisa. Ikiachwa inaweza kutoboa utumbo.

Tatizo liko kwenye kipimo tunachopimwa mitaani, kinaitwa Widal. Kilibuniwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta askari ambao mwili ulishawahi kuwatengeneza kupambana naye au na ndugu zake. Askari hao wanaweza kukaa muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha, na hata maambukizi mengine yanaweza kuwaamsha. Kwa hiyo watu wengi wazima kabisa wakipimwa leo watakutwa "wana taifodi". Ndiyo siri ya "taifodi yangu inarudi rudi". Hairudi, ni kipimo kinakusomea historia yako. Kipimo cha uhakika ni cha kuotesha damu maabara, kinachukua siku kadhaa na hospitali kubwa wanacho.

Matokeo ya Widal ni nini? Sipro na sindano za siku tano kwa mtu ambaye alikuwa na mafua. Hela imekwenda, na bakteria walioko tumboni mwake wamejifunza kuizoea sipro. Siku akipata taifodi ya kweli dawa inagonga mwamba. Ukiambiwa una taifodi, muulize mtabibu kwa heshima tu: "Daktari, mmetumia kipimo gani? Na dalili zangu zinalingana?" Una haki ya kuuliza.

6. KIKOHOZI: HESABU PUMZI

Tukumbuke yale magonjwa ya njia ya hewa ya watoto 62 kati ya 100. Mengi ni mafua ya kawaida, yanaisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Mtoto anywe maji ya uvuguvugu, anyonye sana, pua isafishwe. Antibayotiki hapo haina kazi.

Lakini katikati ya mafua hayo amejificha muuaji anayeitwa nimonia. Mtoto mwenye nimonia anachemka na anakohoa, mzazi anasema malaria, anampa mseto, anasubiri siku tatu dozi iishe aone. Siku tatu kwa mtoto wa mwaka mmoja mwenye nimonia ni nyingi mno, wadau. Mtoto anaweza kufa akiwa na dawa mkononi, dawa nzuri kabisa, ya ugonjwa ambao hana.

Habari njema ni kwamba kuibaini huhitaji mashine. Unahitaji saa, na simu yako ina saa. Mtoto akiwa ametulia, halii na hanyonyi, funua nguo uangalie kifua na tumbo, hesabu pumzi dakika MOJA nzima:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari
- Miezi 2 hadi 11: 50 au zaidi
- Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5: 40 au zaidi

Angalia pia kama anapovuta hewa sehemu ya chini ya kifua, pale chini ya mbavu, inabonyea ndani. Ukiona hivyo au pumzi zinazidi namba hizo, nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Nimonia inatibika kwa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji, kwa dozi ya uzito wake, siyo vile vidonge viwili vitatu vya kukatiwa dukani. Yule mama wa mtaani kwetu alikuwa nayo mkononi dawa inayotibu nimonia, lakini bila kipimo wala dozi kamili ni bahati nasibu tu.

7. KUHARISHA: DAWA YA BEI CHEE KULIKO ZOTE

Hapa tunakimbilia Flagyl. Mtoto ameharisha mara mbili tu, Flagyl. Kuharisha kwa watoto wengi kunaletwa na virusi, Flagyl haivigusi. Kinachoua mtoto anayeharisha ni maji na chumvi kumwishia mwilini.

Mwaka 1971 kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, kipindupindu kilikuwa kinafyeka watu na dripu zikaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Siri ni sukari: inafungua mlango kwenye utumbo ili chumvi na maji vipite kuingia kwenye damu, hata wakati mtu anaharisha. Kumbe ile paketi ya ORS ya bei ya andazi ina akili nyingi ndani yake.

Changanya paketi na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, usikisie. Kila akiharisha: mtoto wa chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu kikombe, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee taratibu. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Huna paketi? Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na NUSU kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, siyo vya mlima. Chumvi ikizidi ni hatari.

Pamoja na hayo kuna zinki, ambayo wengi hawaijui: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14 (chini ya miezi 6 ni miligramu 10). Inafupisha kuharisha na kumkinga asirudie karibuni. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, ile ya "asile ili kuhara kukate" achana nayo. Kukiwa na damu kwenye kinyesi, macho yameingia ndani au hakojoi, nenda kituoni.

8. DEGEDEGE

Najua hapa nitapigwa mawe. Wengi tumekuzwa tukiambiwa degedege ni jambo la kishetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano wakati huo anakufa. Kwa hiyo anafukizwa moshi, anapakwa hiki na kile, mpaka anapelekwa hospitali amechelewa, anafia huko, na watu wanasema "mnaona, sindano imemuua". Duara linaendelea.

Degedege ni ubongo kushtuka. Inaweza kuwa joto kali tu, na watoto wengi wa hivyo hupona bila madhara. Lakini inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au sukari imeshuka mno, na hizo zinaua. Utazitofautisha vipi nyumbani? Huwezi.

Fanya hivi: mlaze kwa ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vya kumuumiza. USIWEKE kitu chochote mdomoni, siyo kijiko, siyo dawa, siyo mafuta. Usimkandamize. Kisha mkimbize kituoni. Anayetaka kusali asali njiani, hakuna atakayemkataza.

9. NA SISI WAKUBWA

Tusijifanye haya ni ya watoto tu.

Dengu: Dar imepata milipuko yake, 2014 na 2019, na Mombasa pia mwaka 2017. Homa ya ghafla, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo vinauma kama umepigwa. Mbu wake anauma mchana, kwa hiyo hata ukilala kwenye neti yuko. Haina dawa maalumu, ni parasetamo na maji mengi. USIMEZE diklofenaki, aspirini wala brufeni, zinaweza kuongeza kutoka damu.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku, kukonda: kapime kifua kikuu. Dawa ni bure, kwa kawaida miezi 6, na inapona kabisa. Vijana wengi wanakaa na kikohozi wakimeza amoksilini kila mwezi huku wanaambukiza chumba kizima.

Presha: mzazi anasema kichwa kinamgonga na amechoka, mnampa mseto. Mpimeni presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda, na dawa zake zinamezwa kila siku hata akijisikia mzima. Akiacha ndipo kiharusi kinapobisha hodi.

10. PANADOL KWA AKILI

Mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mtoto ni kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara 4 kwa siku mwisho. Dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani, kwa hiyo ukimeza zote mbili unajizidishia, na anayeumia ni ini. Aspirini usimpe mtoto wa chini ya miaka 16.

DALILI ZA HATARI: HIZI HAZISUBIRI ASUBUHI

Iandike hii kwenye karatasi, ibandike ukutani. Mtoto akiwa na hata MOJA kati ya hizi, ni kituoni sasa hivi:

- Hawezi kunyonya wala kunywa
- Anatapika kila kitu
- Amepata degedege
- Amelegea sana, amelala haamki au amepoteza fahamu
- Anapumua haraka au kifua kinabonyea
- Shingo imekakamaa
- Viganja vimekuwa vyeupe sana
- Ni mchanga wa chini ya miezi 2 na ana homa yoyote

Wadau, najua foleni za vituo vyetu. Najua kuna siku unafika unaambiwa kipimo kimeisha. Najua duka la dawa liko hatua ishirini na kituo ni nauli mbili. Hayo tuyapigie kelele kama wananchi, maana vipimo vikikosekana ndipo kubahatisha kunapozaliwa. Lakini kuhesabu pumzi dakika moja hakuhitaji bajeti ya wizara. Kuchanganya ORS hakuhitaji bajeti. Kumaliza vidonge 24 ulivyopewa bure hakuhitaji bajeti.

Kesho mshikaji akikwambia ana malaria tatu na taifodi, mpe pole kwanza, ni muungwana. Halafu muulize: "Umepimwa na nini?"

Haya, uwanja ni wenu. Kama wewe ni muuguzi au mtu wa maabara unatusoma, ongezea nyama. Na kama kuna kituo mtaani kwenu hakina mRDT, semeni hapa chini mtaa gani, tuanze kuhesabu.